Jumanne, Saa Nne, Mlangoni pa Bani

Mtandao hapa kwetu hauingii nyumbani.
Unakaa juu ya kichuguu, nyuma ya shamba la Luhende,
na kichuguu hicho nilikwisha kukiaga:
hatua sita, pumzi zimekwisha,
ya saba naiomba kwa Mungu.

Milembe ndiye aliyezunguka na simu mkononi
kama mtu anayetafuta kuku wa jirani,
ghalani, chooni, kando ya kichanja cha vyombo,
mpaka akapiga kelele: Bibi, hapa!
Hapa penyewe ni mlangoni pa bani.

Basi nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Katika Urambo yote
mtandao umechagua palepale
nilipoyaacha mapafu yangu.

Saa nne dokta anapiga. Jovitha. Yuko Tabora mjini,
sauti yake inafika kidogo kidogo
kama mahindi yanayovuja kwenye gunia.
Siku ya kwanza aliuliza: "Mama, umevuta sigara miaka mingapi?"
Sijawahi, mwanangu. Hata moja.
"Na moshi je?"

Hapo nikanyamaza.
Nilitaka kumwambia siku saba, usiku na mchana,
moto usipungue, usizidi,
jani ligeuke njano, lisiungue,
mtoto mgongoni, gogo begani,
na Kasanda mume wangu amelala
kwa sababu kesho ana kikao cha ushirika.
Nilitaka kusema: mimi sikuivuta tumbaku, dokta,
tumbaku ndiyo iliyonivuta.
Nikasema tu, "Upo."
"Miaka mingapi?"
"Thelathini na mmoja."
Akaandika. Nilisikia kalamu.

Sasa nina kidude cha kubana kidole,
kinawaka chekundu kama jicho la komba.
Milembe anasoma: themanini na tisa.
Mimi kupimwa nimekuzoea.
Sokoni mnunuzi alipita mbele ya belo zetu,
akachomoa jani, akanusa, akataja daraja,
msimu mzima ukaisha kwa neno moja,
na uso wangu hakuutazama.
Huyu hanioni kabisa, lakini anauliza:
"Umelalia mito mingapi?"
Mitatu.
"Wiki iliyopita?"
Miwili.
"Na makohozi, yana rangi gani?"

Rangi! Miaka yote nilipanga rangi za majani,
leo napanga za kifuani.
Njano ya limau, dokta, bado haijafika ya chungwa.
Anacheka. Anasema hata wanafunzi wake hawaelezi hivyo.

"Na sasa unapikia wapi?"
Nje, nasema.
"Ndani!" anadakia Milembe, msaliti mdogo,
ambaye mwenyewe ndiye aliyeitoboa chupa ya maji
kwa msumari wa moto, kama alivyoelekezwa,
nipate kuvutia pampu dawa isiishie mdomoni.
"Puliza polepole, mama.
Midomo ya mtu anayepoza uji,
si ya mtu anayezima koroboi."
Napoza uji ambao haupo.
Mlango wa bani umekaa mbele yangu,
mweusi hadi kizingitini.

Juzi simu ilizima katikati ya swali.
Sikuinuka. Niliendelea kujibu:
naam, usiku; hapana, miguu haijavimba;
nikaieleza simu iliyokufa mambo
ambayo Kasanda, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza.
Jioni Luhende akaja mbio na simu yake:
"Mama, dokta anasema hukumaliza."

Luhende huyohuyo anataka kuwasha bani msimu huu.
Kuni amekwisha kukata.
Nimemwambia, ukiwasha moto humo
utakuwa umechoma hospitali.
Amecheka.
Mimi sikucheka. Kicheko kinakula pumzi,
na zangu ninazihesabu
mpaka Jumanne.